Siku Niliyomcheka Fahali wa Chupa Mbele ya Wakwe

Mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii mbele ya wageni, lakini leo yuko kanisani na nyinyi si wageni, basi vuteni viti niwaambie jinsi nilivyopanda Dundori kuposa nikiwa nimevaa koti la kuazima, nikashuka Nakuru nimevaa shati la baba mkwe, na hapo katikati nikawa nimeshika mkia wa ng'ombe huku kambi nzima inanitazama. Ni aibu yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, kuelekea mwishoni, mwaka ule Warusi waliporusha mwezi wao wa chuma na kabla hatujamaliza kushangaa wakarusha wa pili wenye mbwa ndani. (Mliokuwa hamjazaliwa nawasamehe.) Mimi nilikuwa karani wa tajiri mmoja wa malori pale Nakuru, na kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo ya mashamba iliyokuja na treni, kuiandika kitabuni, kisha kuipanga kwenye lori la kupanda mlimani. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la sita, na siku zile darasa la sita lilimfanya mtu atembee huku akitazama juu, asione anakanyaga nini.

Ugonjwa wangu ulikuwa gazeti. Likifika lile la Kiswahili la kila juma, wapakiaji walikuwa wakikaa juu ya magunia ya maua ya pareto wakila mihogo, nami nikisimama mbele yao nikiwasomea, na kila baada ya habari nikitia maoni yangu, wala sikusema hapa gazeti limeishia na hapa naanza mimi. Nikisoma kwamba Wazungu wamejaribu bomu jipya baharini, nasema wameshamaliza kugombana na watu sasa wanagombana na samaki. Nikisoma kwamba serikali inafikiria katiba mpya, nasema ile ya zamani hatujaonyeshwa, wanatushonea suruali ya pili na ya kwanza hatujaijaribu. Wanacheka mpaka mihogo inawapalia. Nami nilikuwa mtu wa kupenda kuchekewa, sitawaficha, nilikuwa napenda kicheko kuliko mshahara.

Sasa kulikuwa na msichana, Rasoa, tulionana kwenye mkutano wa kwaya, sauti yake ilinifanya nisahau maneno ya wimbo ambao niliuimba tangu utoto. Wazazi wake walitoka kwetu magharibi zamani, na baba yake, Mzee Zablon, alikuwa kwenye shamba la mzungu mmoja kule Dundori. Rasoa aliniambia, "Baba anafanya kazi ya ng'ombe." Nikatosheka. Mtu aliyezoea kusoma huwa haulizi, anadhani kila kitu kitaandikwa siku moja.

Kabla sijaendelea mjue desturi yetu, maana bila hiyo hamtaona shimo nililojichimbia. Siku ya posa mwenye kuoa hasemi, anasemewa na mzee wa kwao. Na mama mkwe humtazami usoni, hukai naye chumba kimoja, wala hutamki neno lolote la mambo ya mwili masikioni mwake. Ukilitamka, anainuka na kutoka nyumbani kwake mwenyewe, na akitoka yeye, posa nayo imetoka. Hakuna cha samahani ya maneno matupu.

Mzee wangu wa kunisemea alikuwa Baba mdogo Yona, mdogo wake baba. Asubuhi ile ya Jumamosi tulipopanda lori la tajiri wangu lililokuwa likirudisha madebe matupu ya maziwa, aliniambia, "Eliakimu, leo wewe ni kiti. Umeelewa? Kiti hakisemi." Nikaitikia. Lakini nilikuwa nimeshapitia dukani nikanunua gazeti jipya, nikalikunja, nikalitia mfuko wa nje wa koti, kichwa chake kikichungulia, ili wakwe wajue binti yao anaposwa na mtu wa kusoma. Ni hilo tu nililofanya, na yote yaliyofuata yalitoka mfukoni humo.

Tulipokewa vizuri mno. Nyumba, katika kambi ya vibarua wa shamba, ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa, imegawanywa kwa pazia la magunia, sisi wanaume upande huu, mama mkwe na akina mama wa kambi upande ule wakipika. Upande wetu alikaa Mzee Zablon, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, pamoja na nyapara wa shamba na wazee wawili. Baba mdogo Yona akasema maneno matamu, wakajibu maneno matamu, ng'ombe wa mahari wakatajwa bila mtu kununa. Mimi kimya. Kuku nilikuwa nimeshamsikia harufu. Ndipo Mzee Zablon akaona mfuko wangu.

"Hiyo ni gazeti ya juma hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hebu tusomee kidogo, kijana. Huku juu habari inatufikia ikiwa imefungiwa sukari."

Baba mdogo Yona alinitupia jicho ambalo hata kipofu angelielewa. Lakini baba mkwe ameomba, unamkataliaje? (Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kweli ni kwamba mkono wangu ulikuwa mfukoni kabla hajamaliza kusema.)

Nikaanza na Warusi na mbwa wao. Nikasoma vizuri, taratibu, kisha sikuweza kujizuia, nikasema Mrusi ameshindwa kuotesha ngano ya kutosha hapa chini, sasa anafuga mbwa mbinguni ambako hakuna hata mwizi wa kubwekea. Wazee wakacheka. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mama mkwe, haikunielekea mimi, ilimwelekea mumewe kama desturi inavyotaka: "Baba Rasoa, hebu uliza, huyo mbwa watamrudisha?"

Mtu mwenye akili angesema gazeti halijaeleza. Mimi nikamgeukia Mzee Zablon nikasema, "Mwambie mama, akirudi atapewa kura tatu, kwa sababu amesafiri na ameona mengi kuliko sisi."

Nyumba ililipuka kwa vicheko, pande zote mbili za pazia. Mjue mwaka ule ule Waafrika walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza, lakini ilikuwa kura ya kupimiwa, mtu akipimwa kwa shule yake na mali yake na kazi yake, huyu anapewa kura moja, yule mbili, mwingine tatu, na kwenye kambi kama ile wengi hawakupata hata moja. Nyapara alicheka huku akitazama mlango, maana siku zile kucheka serikali kulikuwa na hatari yake. Mzee Zablon alifuta macho akasema, "Mbwa kura tatu, na mimi niko hapa." Hapo ndipo nilipolewa, na sikuwa nimeonja hata chai.

Nikafungua ukurasa wa kilimo. Kulikuwa na habari kwamba wataalamu sasa wanaweza kupandisha ng'ombe bila fahali kuwepo, mbegu yake inatiwa kwenye chupa, inasafirishwa, na fahali mmoja anaweza kuwa baba wa ndama wa wilaya nzima asitoke zizini mwake. Baba mdogo Yona akanipiga teke la kiatu. Mimi nikadhani ananihimiza.

Nikasema (nawaambia kama nilivyosema, ili mnione nilivyokuwa), "Wazee, hii ni sayansi ya uvivu. Ng'ombe sasa anaolewa kwa posta. Na je, yule mtu mzima, mwenye mke na watoto, anayeamka asubuhi akavua koti akatia mkono kwenye ng'ombe mpaka begani, jioni akifika nyumbani anasema alikuwa wapi? Na mke wake anapokea chumvi kutoka mkono upi?"

Nikangoja kicheko. Kilichokuja ni mlio wa mlango wa nyuma. Ulifunguka, nikasikia nyayo za akina mama zikitoka moja moja, kisha mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa, na ule utaratibu ndio ulionitisha. Nikainua macho. Nyuma ya kichwa cha Mzee Zablon, kwenye msumari, palining'inia kitu kirefu cha mpira ambacho tangu nilipoingia nilidhani ni kipande cha tyubu ya baiskeli. Kilikuwa na vidole vitano.

Nyapara akasema polepole, "Hiyo kazi, hapa kwetu anafanya Mzee Zablon. Kwa huu mlima wote mwafrika anaijua ni yeye peke yake."

Nilijaribu kurekebisha. Nikasema, "Mzee, sikukusema wewe. Nilisema mkono kwa jumla." Baba mdogo Yona akachukua kofia yake akaivaa kichwani, na kwetu mzee wa posa akivaa kofia ndani ya nyumba ya watu, maana yake anatafuta njia ya kwenda kwao. Nilimwona Rasoa akiondoka maishani mwangu kama lori lililoniacha stesheni, na mimi ndiye niliyeandika safari.

Mzee Zablon hakukasirika. Heri angekasirika.

"Umewahi kuona hiyo kazi ikifanywa?"

"Hapana, mzee."

"Umesoma tu."

"Nimesoma tu."

Akatingisha kichwa kama daktari aliyeambiwa mahali panapouma. Wakati huo mkamuaji mmoja akasimama mlangoni akasema, "Mzee, ile ya asubuhi bado iko kwa joto." Baadaye nilijifunza kwamba ng'ombe akionekana anataka dume asubuhi, hupandishwa mchana ule ule, ukingoja kesho umemkosa, na yeye hajui kwamba leo watu wana posa. Mzee akatungua ile glavu kwenye msumari, akachukua ndoo, akaniambia, "Kuja, kijana. Leo nimekosa mtu wa kushika mkia."

Habari ilikuwa imepita mlango wa nyuma ikafika kabla yetu. Kambi nzima ilikuwa kwenye ua, wakamuaji, wachuma pareto, akina mama wakiwa wamemficha mama mkwe nyuma ya migongo yao, na Rasoa akiwa amefunika mdomo kwa leso. Sikuweza kujua kama anacheka au analia. (Nilimuuliza tukiwa na watoto wanne. Akasema vyote viwili.)

Ng'ombe aliitwa Dezi, mwekundu mwenye mabaka meupe, amefungiwa kati ya mbao. Mzee akanionyesha jinsi ya kuvutia mkia kando, akaniambia nigeuze uso. Sikuelewa kwa nini nigeuze uso, na kwa kuwa nilitaka kuonyesha kwamba sasa nina bidii ya kujifunza, nikauacha pale pale ulipokuwa. Dezi naye akatoa maoni yake. Aliyatoa bila kuombwa, kama mimi, na mengi kuliko yangu, yakaanzia shavuni, yakashuka kwenye tai, yakajaza mfuko wenye gazeti, yakamalizikia kwenye kiatu. Kambi ilicheka kicheko ambacho sijawahi kukipata kwa maneno. Mzee Zablon hakucheka, alisema tu, "Shikilia," nami nikashikilia, jicho moja limefungwa.

Na kwa lile jicho lililobaki nikaona kazi. Alinawa mikono kama anayekwenda mezani pa Bwana. Alimsemesha Dezi kwa lugha yetu, maneno ambayo mtu humwambia mgonjwa ili alale. Kisha akafungua kisanduku cha mbao, ndani mna chupa ya thamosi na barafu, na juu ya kifuniko pamechorwa kichwa cha ng'ombe kwa rangi nyekundu, na kisanduku kile nilikijua. Kilikuja na treni kila juma. Nilikitia sahihi mimi. Nilidhani ni dawa ya kupe.

Mzee aliingiza mkono, akafumba macho, na akiwa amefumba akaanza kuongea, si kwa kunilaumu, aliongea tu kama mtu anayeongea akiwa kazini.

"Hii kazi ni ya vidole, macho haina haja. Mimi sijaanguka hata mara moja, ila wakati ule pareto ilianza kuchumwa. Chupa moja, ng'ombe tano, hakuna hata moja ilishika. Barafu ilikuwa maji, lakini barafu wakati mwingine inayeyuka kwa njia. Bwana mwenye shamba akasema, Zablon, mkono yako imezeeka, nitatafuta mtu mwingine. Mpaka leo nangojea huyo mtu afike."

Jamani, niliijua siku ile. Niliijua saa yake. Ilikuwa siku ya habari za lile bomu na samaki, kicheko kilikuwa kikubwa, wapakiaji wakaniambia nirudie kwa ajili ya waliochelewa, nikarudia, na kisanduku nilikuwa nimekiweka juani, kando ya reli, tangu treni ya asubuhi. Nilipokikumbuka ilikuwa saa nane. Nilikigusa kikiwa moto kama birika. Nikakipakia hivyo hivyo, na kitabuni nikaandika kimepokewa kizuri.

Hakuna mtu aliyejua. Nikinyamaza, pengine Baba mdogo Yona angerudi siku nyingine na blanketi la mama mkwe na kondoo wa kusafisha maneno yangu, na pengine tungesamehewa. Nikisema, ninaongeza kosa juu ya tusi, na Rasoa ananisikia. Ningependa kuwaambia nilisukumwa na ujasiri. Nafikiri kilichonisukuma ni mavi ya ng'ombe, maana mtu akishasimama hadharani akiwa hivyo, hana tena heshima ya kulinda.

"Mzee," nikasema, "haikuwa mkono wako. Ni mimi."

Nikamweleza yote, na mkia mkononi. Hakuutoa mkono wake. Alimaliza kazi ya Dezi kwanza, bila haraka, akautoa mkono, akampapasa mgongo, akavua glavu, akanawa. 

"Unasema ilikaa jua."

"Tangu asubuhi mpaka saa nane, mzee. Niliigusa mwenyewe."

"Utamwambia bwana?"

"Nitamwandikia leo, na nitatia jina langu."

Akapindua ndoo akaikalia. Akauweka ule mkono wa kulia gotini akautazama, akaufungua na kuufunga. "Miezi sita," akasema, "naangalia huu mkono nauuliza kosa lake." Kisha akapaza sauti kuelekea ua, kwa mara ya kwanza siku ile, "Mama Rasoa. Umesikia? Haikuwa mkono."

Mama mkwe hakunitazama, desturi ni desturi. Alimwambia mumewe, "Nilikwambia," akaangua kilio, na akina mama wakamzunguka. Hapo nami nililia, na nawaambia machozi na kinyesi havipatani usoni.

Sikuelewa kwamba nimesamehewa mpaka Rasoa alipokuja na karai la maji ya moto, sabuni ya mama yake, na shati la baba yake lililopigwa pasi. Alinikabidhi akasema, "Mama amesema uoge vizuri, chakula kinapoa." Nilipoingia ndani nimevaa shati lililonibana kwapani, Baba mdogo Yona alikuwa ameshavua kofia. Nikaandika barua ya bwana pale pale mezani kabla ya kula, Mzee Zablon akaniomba niisome mara mbili, na nilipofika penye jina lake mara ya pili alikuwa anatikisa kichwa pamoja na maneno. Bwana alishuka Nakuru kumwona tajiri wangu, nami nikanyang'anywa kalamu nikabebeshwa magunia ya pareto mpaka mabega yakaota sugu. Sikulalamika. Huyo mtu mwingine wa kuchukua kazi ya Mzee hakuletwa tena.

Tangu siku ile kisanduku chenye kichwa cha ng'ombe nilikifunika kwa gunia lililoloweshwa, kivulini, hata nilipokuwa mbeba magunia tu, na dereva nilimpa kwa mikono miwili. Na kila nilipopanda Dundori nilichukua gazeti, Mzee mwenyewe alitaka, ila kwa sharti lake: nisome, kisha ninyamaze, wengine waseme. Nikagundua kwamba watu wasio na hata kura moja wana maoni mazito kuliko yangu. Jumapili moja, kutoka nyuma ya pazia, mama mkwe alimwambia mumewe kwamba amefikiri sana juu ya yule mbwa wa Warusi, na kwamba yule aliyemrusha lazima ana mbwa wake mwenyewe nyumbani, na huyo hakumrusha. Nilikaa na neno hilo juma zima. Gazeti halijawahi kuniambia kitu kama hicho.

Sijaacha kutoa maoni, nikisema nimeacha, mke wangu atarudi kutoka kanisani kuja kunikanusha. Nimeapa tu kwamba sitacheka kazi ya mtu kabla sijashika mkia wake. Lakini kinachonifanya nisimulie ni shukrani. Wakwe wengi humpa binti yao mtu aliyenyoosha koti na kufunga mdomo, halafu wanakuja kumjua polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa uchungu. Mzee Zablon alinijua mzima kwa mchana mmoja, mdomo wangu, uzembe wangu na harufu yangu, na kabla lori halijageuka kurudi Nakuru alikuwa ameshasema ndiyo.